Chaja Imefika Nairobi, Apu Bado Imefungwa

Unakumbuka ile aibu ya kutafuta chaja ya iPhone kwa sherehe? Watu ishirini kwa nyumba, chaja za Type-C zimetapakaa kila mahali, na wewe na simu yako ya bei ya pikipiki unazunguka ukiuliza, "Kuna mtu ako na ya iPhone?" Hakuna. Unarudi home kwa giza. Simu ya elfu nane ya beshte yako ndiyo inacheza ngoma usiku kucha.

Hiyo stori ilianza kuisha Septemba 2023, iPhone 15 ilipotoka na tundu la USB-C. Apple ilikuwa imeng'ang'ania tundu lake la Lightning tangu 2012. Miaka kumi na moja. Na haikuliacha kwa sababu ilituonea huruma. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba simu mpya zote zinazouzwa huko ziwe na tundu moja kufikia mwisho wa 2024. Apple ililia kwamba sheria kama hiyo itaua ubunifu. Kisha ikatii. Hakuna ubunifu uliozikwa, na leo unaazima chaja ya mtu yeyote.

Sasa nataka uangalie kitu kimoja hapa, kwa sababu post yote inasimama juu yake. Sheria ilipitishwa Ulaya. Hakuna Mkenya aliyeipigia kura. Mbona faida ilifika mpaka Luthuli Avenue? Kwa sababu tundu ni kitu cha kushika. Kiwanda hakina haja ya kutoa simu moja ya Paris na nyingine ya Nairobi kwa ajili ya tundu, ni gharama tu. Kwa hivyo tukala matunda ya shamba ambalo hatukulima.

Lakini programu si tundu. Programu inaweza kufunguliwa nchi moja na kufungwa nchi ya pili, kwa simu ileile, rangi ileile, bei ileile. Na hivyo ndivyo wanatufanyia.

Tangu Machi 2024, mtu mwenye iPhone kule Ufaransa ama Ujerumani anaruhusiwa kupakua apu kutoka duka lingine lisilo la Apple. Hiyo inatokana na sheria nyingine ya Ulaya, Sheria ya Masoko ya Kidijitali, ambayo chini yake kampuni sita kubwa zilikuwa za kwanza kutajwa kuwa walinda lango: Alphabet yenye Google, Amazon, Apple, ByteDance yenye TikTok, Meta na Microsoft. Ukivunja, faini inaweza kufika asilimia 10 ya mapato yako ya dunia nzima, na asilimia 20 ukirudia. Mwanzoni kila mtu aliona ni vitisho vya makaratasi. Aprili 2025 Apple ikapigwa faini ya euro milioni 500 kwa kuwazuia watengenezaji wa apu kuwaelekeza wateja kwa bei nafuu nje ya duka lake. Meta nayo ikala milioni 200.

Wewe Mkenya na iPhone yako? Hupati hilo duka lingine. Simu inajua uko wapi. Hata Mzungu mwenyewe akitoka Ulaya akakaa nje muda mrefu, anaanza kupoteza baadhi ya hizo huduma. Yaani wameweka jiografia ndani ya haki. Manze, hebu fikiria chaja ikikataa kuchaji ukifika JKIA.

Najua kuna mtu ashasema, "Mimi hata sina iPhone, hii ni shida ya watu wa Kilimani." Tulia, nitafika kwa Android. Kwanza niongee kuhusu doo, kwa sababu hapa ndipo hii kitu inaniguza mimi na kila mtu anayetengeneza kontenti.

Apple huchukua kamisheni ya asilimia 30 kwa vitu vya kidijitali vinavyouzwa ndani ya apu, na kwa muda mrefu ilikulazimisha kupitisha malipo kwa mfumo wake. Watetezi wake hukimbia kusema kwamba watengenezaji wadogo, wale wanaopata chini ya dola milioni moja kwa mwaka, hulipa asilimia 15 tu tangu 2021. Ni kweli. Lakini angalia vile hiyo ahueni inavyomruka mtu mdogo. Mtengeneza kontenti wengi wao hawana apu yao. Wako ndani ya apu ya mtu mwingine, kama Patreon, mahali shabiki anakulipa kitu kidogo kila mwezi ili uendelee kufanya kazi. Patreon si kampuni ndogo. Mwaka 2024 Apple iliilazimisha ihamishe malipo ya wanachama wapya walio kwa iPhone kwenye mfumo wa Apple, na asilimia 30 ikaja nayo. Kwa hivyo msanii anayerekodi podikasti chini ya blanketi huko Umoja, mwenye mashabiki kumi na wanne, akipata mwanachama mpya kupitia mfumo huo anakatwa kwa kiwango cha kampuni kubwa. Shabiki wa Texas akitoa dola 10 kupitia mfumo huo, tatu zimepotea kabla hata Patreon hawajachukua chao, kabla benki haijachukua chake, kabla KRA hawajabisha mlango.

Na kama hutaki kukatwa, unapandisha bei kwa shabiki. Twitter walifanya hivyo wazi wazi mwisho wa 2022: dola 8 kwa tovuti, dola 11 kwa iPhone. Ile dola tatu ya juu si huduma yoyote. Ni kiingilio cha lango.

Kitu kinachoniudhi zaidi, kuliko hata hizo asilimia, ni ukimya. Kwa miaka mingi mtengenezaji hakuruhusiwa hata kukuambia ndani ya apu yake kwamba kuna bei nafuu kwa tovuti. Kuna wakati ulikuwa unafungua apu ya Kindle kwa iPhone, apu ya kuuza vitabu, na haina mahali pa kununua kitabu. Hakuna batani. Hakuna linki. Hakuna sentensi ya kukuelekeza. Fikiria mama mboga ana kibanda ndani ya soko, na mwenye soko amemwambia: ukimnong'onezea mteja kwamba nyumbani kwako unauza sukuma kwa bei ya chini, nakufukuza. Hiyo si kulinda mteja. Hiyo ni kuziba mtu mdomo.

Kampuni ya Epic, wenye gemu ya Fortnite, ndio waliichokoza hii vita. Agosti 2020 waliweka njia yao ya malipo ndani ya gemu. Siku hiyohiyo Apple ikaitoa Fortnite kwa duka, na Epic wakaenda kortini. (Epic si malaika, tusidanganyane. Desemba 2022 walikubali kulipa zaidi ya dola milioni 500 huko Marekani kwa makosa ya data za watoto na kwa kuwatega wachezaji wanunue vitu bila kutaka. Lakini mwizi akipiga nduru kwamba nyumba inaungua, bado nyumba inaungua.) Mwaka 2021 Jaji Yvonne Gonzalez Rogers alikataa sehemu kubwa ya madai ya Epic, ila akaamuru Apple iache kuwazuia watengenezaji kuwaelekeza wateja nje. Rufaa zikaisha Januari 2024. Apple ikasema sawa, weka linki yako, lakini mtu akinunua kupitia hiyo linki bado utatulipa asilimia 27.

Ishirini na saba! Ongeza gharama ya kawaida ya kuchakata kadi, karibu asilimia tatu, umerudi palepale kwa thelathini. Juu yake wakaweka skrini nzima ya onyo, ile ya kumtia mteja baridi kabla hajabonyeza. Aprili 2025 jaji akachoka. Akasema Apple ilikaidi amri yake makusudi, akasema mmoja wa vigogo wa idara ya fedha alidanganya akiwa ameapa, na akapeleka suala lenyewe kwa waendesha mashtaka. Hazikupita siku nyingi, Spotify wakaonyesha bei zao ndani ya apu, Kindle ikapata batani ya kukupeleka kununua kitabu, Fortnite ikarudi.

Huko Marekani.

Sasa Android. Utaniambia Android iko huru, unaweza kupakua APK kutoka popote. Ndio, mlango haujafungwa kwa kufuli. Lakini Desemba 2023 baraza la wazee wa mahakama huko San Francisco, wote kwa kauli moja, waliamua kwamba Google imejenga ukiritimba haramu kupitia Play Store na mfumo wake wa malipo. Ushahidi ulionyesha Google iligawa pesa kwa watengenezaji wa simu na wa gemu ili wasisumbuke kujenga maduka mbadala. Mlango uko wazi, lakini kila mtu ambaye angefungua duka ng'ambo ya barabara ameshalipwa akae kwao. Oktoba 2024 Jaji James Donato akaamuru Google iruhusu maduka mengine na malipo mengine kwa miaka mitatu. Amri ya Marekani, kwa Marekani. Na hapa Kenya, ambapo karibu kila mtu yuko kwa Android, hiyo ndiyo kesi inayotuhusu zaidi, na hakuna mtu anaiongelea.

Utetezi wa hizi kampuni ni uleule siku zote: usalama. Tukifungua lango, wezi wataingia. Sikatai kwamba wezi wapo. Nimeona mtu akipakua WhatsApp ya rangi ya dhahabu kutoka kwa linki ya ajabu halafu anashangaa akaunti imeenda. Lakini swali ni kama lango lenyewe linatulinda, na hapo Wakenya tuna ushahidi wetu, hatuhitaji wa California.

Zile apu za mikopo. Zile zilizokuwa zinavuna majina yote kwa simu yako, halafu ukichelewa siku mbili zinampigia shangazi yako, bosi wako na yule ex mliyeachana 2019, kuwaambia unadaiwa elfu mbili. Zilikuwa wapi? Watu hawakuzitoa kwa APK ya kichochoroni. Zilikuwa Play Store, duka rasmi, na nyota nne na nusu. Mlinda lango alikuwa macho kabisa wakati wa kukusanya kamisheni, lakini wakati shangazi anapigiwa simu alikuwa amelala. Kilichobadilisha mambo ni sheria: Benki Kuu ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali 2022, na baada ya hapo, mwanzoni mwa 2023, Google ikaanza kudai leseni kutoka kwa apu za mikopo za Kenya. Mpangilio ulikuwa huo. Serikali kwanza, lango baadaye.

Na kama usalama unahitaji duka moja na malipo ya njia moja, mbona kompyuta za Mac, za kampuni ileile, zinakuruhusu kupakua programu kutoka kwa tovuti yoyote na kulipa unavyotaka?

Sisi hii wimbo tuliisikia zamani hata kabla ya Epic. Mwaka 2014 Equity Bank ilitaka kuingia kwa simu zetu na laini nyembamba, ile kama karatasi unayobandika juu ya laini yako. Safaricom ilipinga, ikasema wateja wanaweza kudukuliwa. Mamlaka ya Mawasiliano ikasikiliza, halafu ikaruhusu kwa majaribio ya mwaka mmoja. Equitel ikaingia sokoni. M-Pesa ikaendelea na maisha yake.

Mwaka huohuo wa 2014 kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Kama una miaka 18 leo huwezi kukumbuka, lakini kulikuwa na wakati ambapo wakala wa M-Pesa hakuruhusiwa na mkataba wake kuhudumia Airtel Money. Duka ni lake, kodi ya nyumba analipa yeye, usiku akivamiwa ni yeye, lakini akibandika bango jekundu karibu na lile la kijani amevunja mkataba. Airtel wakalalamika kwa Mamlaka ya Ushindani, na Julai 2014 hayo masharti yakaondolewa. Ndio maana leo unaona duka moja limepakwa rangi zote. Aprili 2018 ikawezekana kutuma pesa moja kwa moja kati ya Safaricom na Airtel. Aprili 2022 till ya Lipa na M-Pesa ikaanza kupokea pesa za mitandao mingine.

Je, Safaricom ilikufa? Wacha mchezo. Mpaka leo M-Pesa inashika karibu tisa kwa kila kumi ya soko la pesa za simu. Na hapo ndipo nataka tuwe wakweli, kwa sababu watu huitaja hii hadithi kama ushindi tu. M-Pesa ilianza Machi 2007. Mawakala walifunguliwa baada ya miaka saba. Kutumiana pesa, kumi na moja. Till, kumi na tano. Kufikia wakati huo kila mtu alikuwa ashazoea, kila duka lina till ya kijani, mama yako kijijini hajui kuna kitu kingine. Mlango ulifunguliwa wakati waliokuwa wanabisha walikuwa washachoka wakaenda nyumbani. Sheria ilikuja, ilikuwa nzuri, na ilichelewa.

Duka la Apple lilifunguliwa 2008. Hesabu mwenyewe mpaka 2025. Halafu uniambie Kenya ingoje nini.

Wengine husema hatuna sheria. Tuko nayo. Sheria ya Ushindani ya 2010, kifungu cha 24, inakataza kampuni yenye nguvu sokoni kuweka masharti yasiyo ya haki, kuwafungia wengine soko, ama kukulazimisha ukubali masharti ya ziada ambayo hayahusiani na kitu unachonunua. Ukikosa, faini ni mpaka asilimia 10 ya mauzo yako ya mwaka uliopita hapa Kenya. Isome hiyo ya tatu tena, ya masharti ya ziada, halafu ufikirie mtu anayekwambia ukitaka kukaa kwa duka langu lazima malipo yapite kwa mfumo wangu.

Udhaifu wake ni kwamba inafanya kazi kesi baada ya kesi. Mtu alalamike, uchunguzi ufanywe, mawakili wavutane, rufaa. Kijana aliyetengeneza apu ya revision ya KCSE hana miaka mitano ya kungoja. Akikosa mapato miezi mitatu ashaenda kutafuta kazi ya call center. Ulaya walifanya tofauti: waliandika mapema vitu ambavyo mlinda lango hafai kufanya, bila kungoja mtu aumie kwanza. Hiyo ndiyo sehemu ya kuiga, na haihitaji kurasa mia. Mtengenezaji awe huru kumwambia mteja bei ya mahali pengine. Asilazimishwe kutumia mfumo wa malipo wa mwenye duka. Mwenye duka asiitumie data ya wapangaji wake kujenga bidhaa za kushindana nao. Na ziwabane wakubwa wa hapa nyumbani vilevile, si wa Cupertino peke yao. Mlinda lango anayeongea Kiswahili bado ni mlinda lango.

Kuna gharama, siwezi kuficha. Apple ilichelewesha vitu kadhaa kwa watumiaji wa Ulaya, ikiwemo ile akili mnemba yake, ikitoa sheria hiyo kama sababu. Inaweza kutufanyia hivyo pia. Soko letu ni dogo kuliko la Ulaya, na kampuni ya trilioni inaweza kuamua Kenya haina maana. Ndio maana hii kazi ingekuwa na nguvu zaidi ikifanywa na nchi kadhaa za Afrika kwa pamoja. Lakini mtu akinitishia kwamba nitakosa emoji mpya kwa miezi sita ili msanii wa Umoja abaki na dola tatu zake, mimi nitachukua dola tatu.

Na usidhani kulalamika ni kazi ya mawakili wa Upper Hill. Kifungu cha 31 cha hiyo sheria kinaruhusu Mamlaka ya Ushindani kuchunguza ikipata malalamiko kutoka kwa mtu yeyote. Mtu yeyote ni wewe, na hiyo simu yako ya kioo kilichopasuka.

Kwa hivyo wiki hii nataka ufanye kitu kimoja. Kabla hujabonyeza lipa ndani ya apu yoyote, iwe ya muziki, ya gemu au ya kumsapoti mtu unayempenda, fungua tovuti yao kwa kivinjari uangalie bei ya pale. Ukipata tofauti, piga picha skrini zote mbili, tarehe ionekane, unitumie. Natengeneza orodha, na nitaipeleka kwa Mamlaka mwenyewe.